Risala ya Meno Ishirini Yaliyosagwa Ha Letuka

Mgeni rasmi, 'M'e Makhauta Ntlhoki, mama yetu na mlezi wa Mfuko wa Meno ya Milimani, chifu wetu, na ninyi wagonjwa wetu mliokaa mstari wa mbele:

MAKARIBISHO
Sisi wahudumu watatu wa meno wa zahanati ya Ha Letuka tunakukaribisha. Tulikutarajia mwaka jana, lakini kufika ni kufika. Hao unaowaona wamevuta blanketi hadi puani hawasikii baridi. Wanaficha vinywa.

HISTORIA
Zamani jino likivunjika tuliling'oa, basi. Mfuko wako ukatufundisha kuliokoa: kukata ufizi, kuchonga mfupa kidogo ili kisiki cha jino kichomoze, kungoja kidonda kipone, kisha kusaga kisiki pande zote kiweze kuvishwa taji, ile kofia ngumu ya jino. Tulifurahi mno.

MAFANIKIO
Meno ishirini yalisagwa kwa ustadi. Mafanikio yetu yanaishia hapo.

Mmoja wa wenye meno hayo ni Ntate Sekhobe, mzee mchunga ng'ombe, aliyevunjwa jino la mbele kwa teke la ndama. Yeye hupuliza lesiba, ule uta wa muziki ambao unyoya wake hupulizwa mbele ya meno, na ng'ombe wake humfuata kwa sauti hiyo. Tulimtania kitini: "Ntate, ukitoka hapa utang'aa hadi ng'ombe wakushangae!"

"Ng'ombe hawaniangalii sura, wanangu," akasema. "Wananisikiliza."

CHANGAMOTO
Mataji hayakuja. Vifuniko vya plastiki tulivyobandika vilikuwa vya wiki chache tu. Huu ni mwezi wa kumi na nne. Vimedondoka. Ufizi umerudi kufunika visiki, na visiki vimeoza. Tuliandika barua saba. Jibu lilikuja moja: tuvute subira hadi upate nafasi ya kuja kuyavisha mwenyewe mbele ya wapiga picha.

Wiki jana Ntate Sekhobe alirudi. "Napuliza, upepo unapita tu, fyuu! Ng'ombe wananitazama kama mkwe aliyekuja mikono mitupu." Tulicheka naye. Alipotoka, tulijifungia stoo tukalia.

MAOMBI
Mgeni rasmi, hatuombi jengo wala gari. Hata mataji hatuyaombi tena, maana hakuna pa kuyavisha. Tunaomba dawa ya ganzi ya kutosha, tuving'oe visiki vyote.

Yanayofuata hayamo katika nakala tuliyokutumia. Barua ya Mfuko ilidai meno ishirini, yakipungua mradi uhamie wilaya nyingine. Sisi tulikuwa na kumi na tisa. Tukamwambia Ntate Sekhobe kwamba jino la jirani nalo lina ufa, kwamba yakivishwa mawili yatalingana. Halikuwa na ufa. Lilikuwa zima, na lesiba angeweza kuipuliza kwa hilo hilo. Tulilisaga ili idadi itimie.

Ntate Sekhobe, unayasikia haya leo kwa mara ya kwanza, pamoja na mgeni. Tumeshindwa kukuambia tukiwa peke yetu nawe. Sasa umejua, na mikono iliyofanya hivyo ni hii iliyoshika karatasi.

Mgeni rasmi, amani ikutangulie, mvua ikufuate, na neema ikukute nyumbani kwako.

Ni sisi,
Nthofeela, Relebohile na Tankiso,
Wahudumu wa Meno, Zahanati ya Ha Letuka