Televisheni ya Kapera

Pale Namatala, mjini Mbale, njia ya kwenda kwenye mashine ya kusaga mahindi inapokutana na ukuta wa nyumba za askari jela, kuna benchi lililotengenezwa kwa mlango. Mlango ulitoka wapi hakuna anayesema, na kwa kuwa aliyeuleta ni askari jela mstaafu, hakuna anayeuliza. Mstaafu mwenyewe, Semei, anaitwa Afande Kufuli, na hukaa upande wa kitasa. Upande wa bawaba Mama Aminah huweka jiko lake na kuuza kahawa ya mlimani yenye tangawizi ya kukwaruza koo. Jina lake hapo ni Mama Flaski. Katikati hukaa Douglas, ambaye kazi yake ni kutafsiri sinema kwa kipaza sauti kwenye kibanda cha video, kwa hiyo ni Veejay hata kwa mama yake mzazi. Alhamisi hiyo, alasiri, alifika Asadu kutoka kwenye mashine, unga umemjaa nyusi kama mzee wa miaka tisini. Wanamwita Posho, kama ugali unavyoitwa huku. Alikuwa na sentensi moja mdomoni, ameifanyia mazoezi tangu asubuhi katikati ya kelele za mashine, na aliitoa kabla hajakaa.

— Jumapili msije kwangu.

Mama Flaski, aliyekuwa anamimina, alimimina hadi kahawa ikafurika kikombe.

— Jumapili ipi? aliuliza Veejay.

— Hii inayokuja.

— Jumapili hii ndiyo mwisho wa mchezo wa Dona Klarisa!

— Najua.

— Saa kumi!

— Najua, Veejay. Saa kumi ndiyo anakuja mgeni wangu.

Televisheni ya Asadu ndiyo kubwa kuliko zote mtaani. Kaka yake alimwachia alipokwenda kutafuta maisha Juba. Na kwa kuwa Asadu ni kapera, nyumba yake haina mtu wa kusema “jamani, sasa watu walale”; basi mtaa mzima umeizoea kama watu wanavyozoea bomba la maji. Hawakuwa watu wabaya. Walikuta mlango uko wazi, wakaingia, wakarudi kesho yake.

— Mgeni gani huyo? aliuliza Afande Kufuli.

Asadu alitazama viatu vyake.

— Ramula.

Wote wakamgeukia Mama Flaski, maana Ramula, fundi cherehani wa kule Busiu, ni mtoto wa kaka yake.

— Msinitazame hivyo, alisema Mama Flaski. Ni kweli mimi ni shangazi yake. Lakini mimi pia ni mtazamaji.

— Posho, alisema Afande Kufuli kwa sauti ya kusoma mashtaka, wewe unataka mke?

— Nataka kuzungumza naye kwanza, Afande. Amesema ana neno la kuniambia, na hawezi kulisema mbele ya watu kumi na mmoja.

— Wewe iko na mke tayari. Sikiliza mimi. Televisheni ni mke. Inaongea, wewe nanyamaza. Nakula umeme wako. Ukizima, nakuachia giza. Sasa unaleta wa pili. Umeuliza wa kwanza?

— Dini yake inamruhusu, alisema Veejay.

— Inaruhusu, lakini kwa haki! Leo usiku kwa Ramula, kesho usiku kwa televisheni. Utaweza?

Asadu alicheka bila kutaka. Hilo ndilo lilikuwa tatizo lake na benchi hili: kila alipokuja na jambo zito, walimchekesha, akarudi nyumbani nalo lile lile.

— Tena nitakuambia jambo la kitaalamu, alisema Veejay. Dona Klarisa amemkubali Don Anselmo lini?

— Bado, alijibu Mama Flaski.

— Bado! Na mtu ana farasi, ana mashamba, ametoka gerezani kwa ajili yake...

— Don Anselmo alifungwa? aliuliza Mama Flaski. Lini?

— Si alikuwa mkuu wa magereza? aliuliza Afande Kufuli.

Veejay alikunywa kahawa haraka ikamchoma. Mchezo ule wa Kimeksiko hutafsiriwa kwa Kiganda, na Afande, mtu wa Lira, Kiganda kinampita. Basi Veejay humnong’oneza kwa Kiswahili, na kila anapoona mzee anasinzia, humwongezea jela kidogo.

— Hoja yangu, alisema Veejay, ni kwamba mwanamke mwenye heshima anakubali mwishoni. Ramula amekubali kuja baada ya kuombwa mara moja. Mara moja tu! Huyo ana haraka gani? Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nani mgeni wako siku zote? Sisi. Kwa hiyo sisi ndio dawa. Ukitufukuza utaugua.

— Na umeme? aliuliza Mama Flaski.

— Umeme umefanya nini?

— Wewe Asadu, mwanangu, hukumbuki Ronnie kinyozi alipomleta mchumba? Alipoingia tu, umeme ukakatika mtaa mzima, siku mbili. Na Aloysius wa matairi? Vivyo hivyo. Ile transfoma ya kona haipendi makapera wakaribishe wanawake. Jumapili Ramula ataweka mguu mlangoni, puu! Namatala yote haitajua mwisho wa Klarisa. Utaishi wapi wewe baada ya hapo?

— Si transfoma, alisema Afande Kufuli, akasimama kabisa. Ni dishi! Mimi nilifikiria hii mambo. Dishi inavuta picha kutoka hewani, sindiyo? Na mapenzi iko wapi? Iko hewani. Dishi navuta yote, napeleka kwa televisheni, Wameksiko wanapendana, mwenye nyumba anabaki kavu. Angalia nyumba zote zenye dishi: kapera, kapera, mjane, kapera.

— Kwangu kuna dishi na watoto sita, alisema Mama Flaski.

— Inafanya kazi?

— Hapana. Kuku wanatagia humo.

— Umeona!

Veejay alianguka kutoka kwenye benchi kwa kicheko. Hata Asadu alijifuta machozi, na machozi yalipokutana na unga uso ukawa uji. Lakini ndani, karibu na mbavu, aliona Jumapili yake inamponyoka. Ramula alikuwa amemwambia kwa simu, kwa upole: “Nikikuta watu, nitasalimia na kurudi Busiu. Nitajua ulichochagua.”

— Mimi nasema kweli, jamani, alijaribu tena. Tunataka kukaa wawili tu.

— Wawili! Mama Flaski aliweka birika chini. Mwanamume na mwanamke wakikaa wawili, wa tatu wao ni shetani. Afadhali mimi shangazi niende mapema nikalie nafasi yake.

— Na kidole kimoja hakivunji chawa, aliongeza Veejay. Sisi ni vidole.

— Chawa ni nani? aliuliza Asadu.

Veejay alifikiri.

— Hilo wahenga hawakulifafanua.

Wakati huo mtu mmoja alivuka barabara, kijana mrefu wa suruali ya sare na shati la kiraia. Alisalimia vizuri, akajitaja: Yakub, askari jela aliyehamishwa kutoka Jinja juzi tu, mke bado yuko kule kule, mtaa wa Mafubira, anafunga mizigo.

— Nimeambiwa nyinyi ndio mnajua nyumba ya kutazamia Dona Klarisa, alisema. Kule Mafubira tulikuwa tunatazama kwa jirani. Sitaki kupitwa na mwisho.

— Umefika! Afande Kufuli alimpigia saluti. Nyumba ni ya huyu bwana, Posho. Kapera. Hana neno.

— Asante, bwana. Lakini nafasi ipo? Nisije nikamkalia mtu mahali pake.

— Hapana ogopa. Mimi nakaa kwa kiti. Kiti iko moja, ni yangu.

— Mimi kitandani, alisema Veejay, upande wa Afande, kwa ajili ya kazi ya tafsiri. Ronnie na wenzake nao kitandani.

— Mimi na wanawake wenzangu kwenye mkeka, alisema Mama Flaski. Watoto kwenye jerikeni. Wewe utakaa juu ya sanduku la nguo.

Yakub aliitikia kwa kichwa, akaipanga nyumba asiyoijua kichwani mwake. Kisha akauliza, kwa adabu, kama mtu anayeogopa kumdhulumu mwenzake:

— Na mwenye nyumba hukaa wapi?

Afande Kufuli alitazama kitasa. Mama Flaski alihesabu kwa vidole: kiti, kitanda, mkeka, jerikeni, sanduku. Akaanza upya.

— Si yuko... alisema Veejay.

— Si kwa mlango? aliuliza Afande.

— Mlangoni kuna viatu vyetu, alisema Mama Flaski polepole. Asadu, wewe hukaa wapi?

— Nyuma, alisema Asadu.

— Nyuma ya nani?

— Nyuma ya televisheni. Waya wa dishi umelegea. Nisipoushika, picha inakatika.

— Tangu lini?

— Tangu mwanzo wa Klarisa.

Hawakucheka. Asadu aliona aibu kwa ajili yao, akataka kuwaambia kwamba si vibaya huko nyuma. Klarisa mwenyewe, Asadu hamjui sura. Anamjua kama mwanga wa buluu kwenye mapaji ya nyuso zao. Amemwona Afande akilia mdomo wazi kama mtoto. Ameona midomo ya Veejay ikianza kucheza kabla maneno hayajafika. Na siku ya Idi, Ramula alipokuja kumtembelea shangazi yake, chumba kizima kiliguta kwa jambo fulani kwenye skrini, ila yeye alikuwa ameinua macho juu ya televisheni, anamtazama mshika waya.

Afande Kufuli alikohoa.

— Jumapili sisi hatuji.

— Afande! alilia Veejay.

— Nimesema. Hii ni amri.

— Mlango utabaki wazi, alisema Mama Flaski, akimtazama Asadu kwa jicho la shangazi. Na mimi nitauza kahawa yangu hapo nje, mgongo nimewapa. Sauti mpunguze, msinitie majaribuni.

— Na waya? aliuliza Yakub.

— Nitaleta kipande cha mpira wa baiskeli, alisema Afande. Mimi nimefunga watu, nishindwe na waya?

Veejay alibaki ameshika kichwa kwa mikono miwili.

— Basi angalau Jumatatu utatuambia mwisho. Posho, ndugu yangu, utakaa mbele, utaona kila kitu. Klarisa anamkubali au hamkubali? Utatusimulia?

Asadu alifikiri kweli kweli, maana hakutaka kuwadanganya.

— Nitawaambia Ramula alicheka wapi, alisema, na alinyamaza wapi. Mengine, Veejay, utajaza mwenyewe.