Kususa Kuishie Nyasura

Sogezeni viti, wanangu, wewe Wanzagi huku na wewe Justina huku, na mwenye simu ya kupokea aipokee sasa, maana nikianza sitarudia. Daktari wa Musoma amenirudisha hapa nyumbani Nyasura kwa maneno matamu, lakini nilifika kidato cha nne mimi, najua mgonjwa anayeambiwa aende akapumzike na watoto wake ameambiwa nini. Moyo umevimba, miguu imejaa maji, pumzi inakuja inapotaka yenyewe. Silii. Nataka kugawa nilichonacho, lakini kwanza nataka kusema kitu kinachonitia kinyaa katika familia hii, nacho ni kususa.

Baba yenu, Mungu amrehemu, hakuwahi kunipiga, na wanawake wenzangu kule shambani Guta walinionea wivu kwa hilo. Hawakujua kwamba akikasirika alikuwa anaifunika sahani ya chakula nilichompikia kwa sahani nyingine, anaisukuma katikati ya meza, anageukia ukutani. Kosa halitaji. Kesho yake sato amejaa sisimizi, keshokutwa ugali umeota ukungu, na hakuna ruhusa ya kukigusa mpaka yeye aseme, kwa sababu hicho hakikuwa chakula tena, kilikuwa hukumu. Nimemwaga vyakula vya kulisha kijiji kizima, wanangu, na harufu yake imenikaa puani kuliko ya dawa hizi.

Nanyi mmeirithi tabia hiyo vizuri kuliko mtakavyorithi ng'ombe. Wanzagi, katika msiba wa baba yako, kidari cha ng'ombe aliyechinjwa, ambacho kwa desturi ya ukoo wenu ni cha mtoto wa kwanza, dada yako alikitia kwenye sufuria ya wageni. Tangu siku hiyo hujaonja chakula cha mkono wake. Unatoka Butiama kuja kumwona mama mgonjwa, unapitia kwanza kula stendi ya Bunda, unaingia hapa mafuta ya samaki yanang'aa mdomoni, unasema, "Nimeshiba, mama." Mtu mzima na ndevu zake! Na wewe Justina usicheke. Maziwa anayoleta kaka yako unayaacha kwenye kidumu mpaka yanakatika na kunuka, unakwenda kuyamwaga nyuma ya choo, halafu unaniambia, "Yanaharibikaga njiani, mama." Njia gani hiyo, ya kwenda Misri? Mnanichefua, wote wawili.

Ningewaacha mnuniane mpaka uzeeni. Lakini Pasaka hii huyu Sara, mtoto wako Wanzagi, alinyimwa soda, nikamwona kwa macho yangu anafunika sahani yake kwa sahani, anaisukuma, anageukia ukutani. Babu yake alikufa yeye akiwa tumboni. Sasa niambieni, kamwona nani? Samaki mkunje angali mbichi, walisema waliotutangulia, na huyu ameanza kukauka mkiangalia.

Kule hospitalini walinipeleka kwa mnasihi, dada mmoja anaitwa Hilda. Nilichukia. Nilidhani mnasihi ni wa watu waliorukwa na akili, na aliposema tuanze kwa kupumua polepole nikamwambia, "Mwanangu, huko kupumua ndiko kulikonileta hapa." Akacheka, nami nikamvumilia. Akasema hasira isiyosemwa haiondoki, inahamia mwilini, kwenye presha, kwenye tumbo, kwenye usingizi. Nikamjibu kwamba tabia ni ngozi. "Na ngozi, mama," akasema, "ukiipaka mafuta kila siku inalainika." Mtu haachi tabia kwa kuapa kanisani, alisema, anaweka jambo dogo mahali pake, na jambo hilo analifunga kwenye kitu ambacho tayari anakifanya kila siku, ili asihangaike kukumbuka. Akaniuliza kwetu tunafanya nini kila siku bila kukosa. Nikasema tunanawa mikono kabla ya kula. "Basi ni hapo hapo. Anayemwagiwa maji aseme kilichomuuma, kikiwa bado kidogo kama dagaa. Anayemwaga asijibu mpaka maji yaishe."

Ni hivyo tu. Inaudhi kwa urahisi wake, ukifikiria vyakula vilivyooza.

Basi sikieni mgawo. Ng'ombe wa Butiama awashike Wanzagi, na asiuze jike bila dada yake kujua. Shamba la Guta ni la Justina, ndiye aliyevunjika mgongo kwenye pamba ile. Nyumba hii ni yenu wawili, na jiko ni hili moja. Atakayejenga jiko la pili katika uwanja huu, mimi simo katika kula kwake. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Mama ntilie wa stendi, Wanzagi, hatakuja kukuzika.

Mnaitikia kwa vichwa. Siwaamini. Tutafanya sasa hivi nikiwa naona.

Justina, lete jagi na beseni, na chakula kije. Mwagie kaka yako. Wanzagi, nyoosha mikono, na usiniambie umeshiba. Sema kilichokuuma, na usinitazame mimi, mtazame yeye... Kidari. Hicho tumekisikia, hata mbwa waliokula mfupa wake walishakufa. Kilichokuuma, baba... Ongeza sauti, masikio nayo yamechoka... Kwamba baba yako anakata roho, watu wote wakapigiwa simu, na wewe mtoto wake wa kwanza ukaambiwa na muuza mkaa barabarani.

Ah.

Justina, nyamaza! Maji hayajaisha.

Haya, yameisha. Mjibu... Ulidhani mimi nimempigia. Nami nilidhani umempigia wewe. Basi. Ni hilo tu, na miaka yote hii tunagombana juu ya nyama. Loo, kichefuchefu gani hiki! Afadhali lingekuwa jambo kubwa.

Usilie kwenye ugali, Justina, mchuzi una chumvi ya kutosha. Kaeni hapo chini, karibu na kitanda. Mega, Wanzagi. Hilo tonge ni la mgeni, mega tonge la mwenye nyumba... Ndiyo.

Ninyanyulieni mto... Nikifa mnizike Butiama, kando ya baba yenu, nina la kumwambia. Msikope kwa ajili ya sherehe, wala msinisifie uongo... Mungu awape chakula, wanangu, na njaa iwashike nyote kwa wakati mmoja. Awape ulimi mwepesi... hasira ikiwa bado changa. Mimi nimewasamehe... maziwa na samaki wote.

Msinipakulie, sili... Sara yuko wapi? Nje? Mwiteni. Mmwagie maji mikononi... mumuulize... na mnyamaze... mpaka amalize.