Baraka Ilipotundikwa Mizanini Gakoromone

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Na asifiwe mara ya pili, maana hapo nyuma kuna waliojibu kama wamelazimishwa.

Mimi ni shosho, nyanya yenu, kutoka Mitunguu. Sikusoma sana, kwa hivyo msingojee Kiswahili cha redio. Nataka kuwaambia vile Mungu aliniokolea shamba, na vile alitumia mizani. Msicheke. Hata punda alishawahi kutumwa.

Ndugu zangu, hilo shamba ni la migomba. Marehemu mzee wangu ndiye aliyeipanda, na mtaro wa kuleta maji tulichimba sisi wawili kwa jembe. Sasa, mimi nililelewa nikiambiwa kwamba kitu umepewa na Mungu hakihesabiwi. Watoto hawahesabiwi. Mbuzi hawahesabiwi. Mama mkwe wangu alikuwa akisema hata mkungu wa ndizi ukiupima, umeuita ugonjwa kwa migomba. Kwa hivyo majirani walipoanza kuuza kwa kilo, mimi nilikataa. Nikasema ndizi zangu hazitundikwi kama mwizi.

Na kulikuwa na broka mmoja wa lori, dalali wa kununua ndizi mashambani. Sitamtaja, mama yake ni mtu wa maombi na simtakii aibu. Huyo kijana alijua ninavyoamini. Akija anavua kofia, anasema, "Shosho, wewe ndiye unajua Mungu. Baraka haipimwi!" Halafu anainua mkungu kwa mikono, anafumba macho kama anayeombea chakula, anasema, "Huu ni mwepesi, shosho." Mimi nasema amina.

Kila akija, ndizi zimekuwa nyepesi zaidi. Mwishowe akaniambia shamba limechoka, nimkodishie yeye kwa miaka mingi, atajua la kufanya. Ndugu zangu, nililia! Nilifunga, nikaomba, nikamuuliza Mungu nimekosa wapi hata migomba ya mzee wangu ianze kuzaa hewa. Nilijua nimeachwa.

Kathure, mke wa kijana wangu, hakulia. Alikasirika.

"Mama, mimi ndiye nabeba hizo ndizi mpaka barabarani. Shingo yangu inajua si nyepesi. Tupime mkungu mmoja tu."

Nikamwambia, "Ukitundika ndizi katika boma hili, utatundika na sufuria zako, uende kwenu."

Akajitwika mkungu, akaenda barabarani. Yule broka akasema atarudi mwisho wa mwezi na wino, niweke kidole gumba kwenye karatasi ya kumkodishia.

Kabla hajarudi, ilifika siku yangu ya kwenda Meru kuonyesha daktari magoti. Nikitoka hospitali nikapitia soko la Gakoromone kununua chumvi. Bwana asifiwe! Mimi hufunga kila mkungu wangu kitambaa cha leso yangu kuukuu, nyekundu, nisichanganyiwe na ya jirani ndani ya lori. Nikaona kitambaa changu juu. Juu ya nini? Juu ya mizani! Mkungu wangu ulikuwa umetundikwa, na yule broka yuko chini yake, shingo imetoka mishipa, anagombana na mama mmoja wa Embu aliyekuwa akinunua.

"Mama, soma vizuri! Mshale umepita hapo! Unanipunja nusu kilo!"

"Umepita wapi? Ngoja utulie, ama una haraka ya kuoa?"

Nikasimama nyuma yake. Nikasema, "Nusu kilo ya baraka?"

Akageuka. "Shosho! Umefuata nini huku?"

"Nimefuata magoti. Nimekuta ndizi zangu."

Soko lilicheka. Mimi sikucheka. Yule mama wa Embu alinipa kiti, akanionyesha alama kwenye mizani yake. Akasema, "Shosho, huu ni muhuri wa watu wa vipimo wa serikali. Mizani ya biashara bila muhuri ni kosa kwa sheria. Wanakuja, wanaijaribu na mawe yao ya chuma, ikidanganya wanaichukua. Inanichunga mimi ninayenunua, na wewe unayeuza pia. Kwani kwenu hakuna?"

Ndugu zangu, Neno nimelisikia tangu nikiwa msichana, kwamba Bwana anachukia mizani ya uongo. Mimi nilikuwa nafikiri anachukia mizani yote! Pale kwa kiti nikamwambia Mungu, kama kupima ni laana, mbona aliyeniambia nisipime anapima, na ananenepa? Nikaona sikuwa nimeachwa na Mungu. Nilikuwa nimefungwa macho na binadamu.

Sikuenda nyumbani. Nilitafuta ofisi ya vipimo, na fimbo yangu na chumvi yangu. Nilidhani watanifukuza, lakini msichana wa pale aliniita mama, akanieleza yale yale. Niliporudi nikawaambia kina mama wa kanisa letu, tukachanga, tukanunua mizani ya kikundi, ikajaribiwa, ikapigwa muhuri.

Broka alipokuja na wino wake, kana kwamba hatukuonana Gakoromone, nilikuwa nimeketi mlangoni.

"Shosho, tuweke kidole?"

"Wino rudisha. Tundika mkungu."

"Ai, shosho! Siku hizi umeacha wokovu?"

"Nimeuanza. Tundika!"

Akatoa mizani yake chini ya kiti cha lori. Kumbe ilikuwa hapo siku zote! Kathure akaigeuza huku na huku. "Muhuri uko wapi?" Kijana akaichukua, akairudisha chini ya kiti. Tukatundika yetu. Mimi niliyefundishwa kuogopa nilifumba macho, kweli nawaambia, nikingoja migomba ianguke. Nikasikia Kathure anasoma kilo kwa sauti, na sauti yake inapanda. Nilipofungua macho, migomba ilikuwa imesimama. Na mkungu ulikuwa mzito. Haukuwa umewahi kuwa mwepesi!

Bwana asifiwe! Shamba liko. Maji yanapita kwa ule mtaro wetu. Kathure ndiye anasoma mizani ya kikundi, na sufuria zake ziko kwangu. Huyo kijana bado ananunua kwetu, anatundika kama wengine, na akifumba macho ninamwambia afungue. Wajukuu wangu sijawahesabu na sitawahesabu, hilo mchungaji asiniulize.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru watu wa vipimo, hata kama hawakujua wanafanya kazi yake. Na wewe uliyeketi hapo ukiambiwa umeachwa, shamba lako limechoka, mikono yako haina baraka, mwangalie kwanza huyo anayekuambia ananunua nini. Halafu njoo kwa Yesu, mtegemee, na ukitoka hapa uulize sheria inasema nini. Mizani yetu iko bomani kwangu, kwa nyumba ya Kathure. Mtu wa ndizi asiogope kubisha.