Gurudumu Alilonyimwa Papa Ruffin Bosenga (1953–2025)

Papa Ruffin Bosenga alizaliwa Barumbu tarehe 4 Aprili 1953, mtoto wa tatu wa mvuvi. Inasimuliwa kwamba kabla hajajua kusali vizuri, alikuwa ameshafungua saa ya katekista ili aone nani anaishi ndani.

Alisoma shule ya msingi hukohuko, kisha ufundi mitambo hapa Kisangani, akapata diploma mwaka 1973 akiwa wa pili darasani. Yule aliyekuwa wa kwanza, Papa Ruffin alimtaja kwa jina hadi uzeeni, bila upendo mwingi.

Kuanzia 1975 hadi 2014 alitengeneza magari-moshi ya njia ya Ubundu. Humo alijifunza kuheshimu chuma kizito.

Tarehe 11 Julai 1981 alimwoa Mama Ursule, mshonaji wa Simi-Simi, aliyekuja na cherehani na sharti moja: fundi asiiguse.

Alipostaafu, Papa Ruffin aliunda injini ndogo ya mvuke kwa kopo la maziwa na pampu ya baiskeli. Akaapa mbele ya familia: “Sitakufa kama haiyazunguka yenyewe!” Ilikosa gurudumu tu, lile la kuivusha pale pistoni inapofika mwisho na kusita. Kifuniko cha sufuria kilikuwa chepesi: injini ilifika hapo ikasimama. Jiwe la mizani likawa zito: injini ilitetemeka, haikusogea. Jirani yake Yunus akauliza, “Papa, iyo ni motere ao ni ya kupikia chai?” Alimwomba Assumani, kijana wa mtaani, gia ya toleka, baiskeli yake ya abiria. Assumani akajibu: “Tonton, na bantu nitababeba na nini, na maombi?”

Hatimaye alitambua kwamba uzito unapaswa kukaa ukingoni, si katikati. Gurudumu la namna hiyo lilikuwa chumbani mwake tangu 1981, kwenye cherehani ya mkewe.

“Papa Camille,” Mama Ursule alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao, “ukigusa iyo roue, batoto batavaa majani ya pondu!”

Alimnyima miaka kumi, hata watoto walipokwisha kuoa na kuolewa.

Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka. Tarehe 8 Machi 2025, alipokuwa hawezi tena kuketi bila mto, Mama Ursule alilifungua gurudumu mwenyewe, akamletea kitandani. Injini ilizunguka dakika nne. Papa alicheka mpaka akakohoa. Alifariki kesho yake asubuhi.

Binti yake Gertrude alimuuliza mama kwa nini alimnyima muda wote huo. “Alisemaka hatakufa kama motere haiyazunguka. Unazani mimi niko mujinga?”

Ameacha mjane, watoto watatu, Camille, Gertrude na Trésor, wajukuu tisa, na injini moja isiyo na gurudumu. Maana gurudumu lilirudi kwenye cherehani siku ya Jumatatu, na nguo zote za maombolezo ambazo familia imevaa leo zimeshonwa nalo.

Papa Ruffin, umevuka. Pumzika kwa amani.