Kule Kilo Walisema Ni Kifua

Ndugu zangu, Mungu wetu apewe sifa! Itikieni kwa nguvu, hapa haiko matanga.

Mimi ni yule fundi wa masanduku ya maiti, pale karibu na soko ya Bunia. Mukiniona, munapita upande mwingine wa barabara. Sikasirike, ni kazi.

Wakati wa corona watu walikuja kununua masanduku kutoka kila upande, na mimi kila mutu ninamuuliza: pole, amekufa na nini? Wa Mahagi-Port, kule maboti yanavuka ziwa kwenda Uganda, walijibu corona. Wa Boga walikuja wachache sana, mpaka leo sijue sababu. Wa Kilo walikuja wengi, lakini wao: "Hapana, kwetu corona haiko. Ni kifua tu." Munajua, kule kwenye zahabu kifua ni ugonjwa wa wachimbaji, wa vumbi ya shimo, tangu wakati wa babu zetu. Basi watu wa Bunia wakasema Kilo Mungu ameilinda. Mimi pia nikaitika Amina, nikaendelea kupiga misumari.

Kisha mudogo yangu Justin, muchimbaji, akaletwa kutoka Kilo na homa kali, anahema mbio mbio. Baba mukubwa wetu akamuangalia, akasema: "Kifua tu. Mumupatie maziwa ya moto, alale." Halafu akanivuta pembeni: "Weye ni fundi. Weka mbao tayari." Nikaziweka. Nikachukua meta nimupime.

Niko pale na meta mukononi, nikakumbuka mama mumoja wa Kilo, muuza mandazi, nilimutengenezea sanduku juma ile ile. Watoto wake pia walisema kifua. Ndugu zangu! Mama wa mandazi aliingia shimo siku gani? Na yule muzee mwalimu wa Kilo, nilimutengenezea pia sanduku, yeye je? Hapo Roho wa Bwana ndiye aliniuliza, maana mimi nilikuwa ninauliza tu, jibu ninaiitikia Amina.

Nikamuambia baba mukubwa: "Hii haiko kifua. Ni corona, ile ya Mahagi-Port." Akawaka: "Unataka kutuletea haya mbele ya watu, waseme Mungu ametuacha?" Nikamupandisha Justin kwenye pikipiki, katikati yangu na dereva. Kwa hopitali wakamuwekea oksijeni. Siye tukabaki inje tunaomba, na baba mukubwa naye akatufuata, akaomba kuliko wote, na hasira yake yote. Bwana akatenda! Pumzi ikarudi, pole pole, bila kelele.

Corona iliua wangapi kule Kilo, sijue. Hakuna mutu anajua, kwa sababu wote tuliwazika na jina ya kifua. Ndugu zangu, ukiwa na mugonjwa kwa nyumba, mutegemee Bwana, na mbele yake sema ugonjwa kwa jina yake. Yeye majina hayamutishe.

Na zile mbao, sikuzifanya sanduku ya mutu. Nilizitengeneza benchi, hii ya mbele. Justin, simama kwanza, waione.