Maharage ya Mama Mukwe

Taxi-bus ilipotoka Birere, Kanyere alikuwa amepakata kifuko cha makala ya kupikia anachompelekea mke wa mwanawe, Charline, kila Jumamosi kule Mugunga. Mbele yake wanawake wawili wasiojuana walikuwa wanabishana juu ya sufuria ya umeme.

"Inajifunga kama cachot ya polisi!" alisema mwenye kilemba. "Maharage unafunua, unaonja, unaongeza chumvi. Ile mashine inakufukuza mu jikoni yako."

"Lakini inaivisha saa moja tu, mama," alijibu mwenzake, mdogo kwa umri. "Mimi ninaiacha, ninaenda kuuza nyanya."

"Na harufu ya moshi?"

Yule mdogo akacheka. "Mama mukwe akikuja, ninayamwanga mu chungu, ninaweka juu ya mbabula ya makala dakika kumi. Anakula, anasema: 'Ndiyo haya, ya makala!'"

"Unadanganya muzee!"

"Anashiba, anarudia kwake na furaha. Ubaya uko wapi?"

Kanyere naye alicheka, maana wakwe wa namna hiyo wapo. Kisha kicheko kikamkauka. Jumamosi iliyopita, akila maharage ya Charline, alisema maneno yaleyale, na Charline akageuka haraka kuosha sahani. Nyuma ya mlango kilikuwepo kifuko cha wiki ya kabla, na fundo lilikuwa bado lile alilolifunga kwa mkono wake.

"Siku akijua?" aliuliza mwenye kilemba.

Gari likasimama Mugunga.

"Mama, unashuka na makala?" aliuliza dereva.

"Ninashuka nayo, papa," alijibu Kanyere. "Leo ninapika mimi mwenyewe."