Mashine Imesahau Tarehe

Adamu: Haloo? Ni nani mwenzangu?

Zaitun: Mimi.

Adamu: Mimi nani? Namba siijui.

Zaitun: Zaitun, wa Kondoa. Simu ya Mama Hassani hii, na vocha inaishia.

Adamu: Zaitun... Asalaam aleikum.

Zaitun: Waaleikum salaam. Kompyuta uliyoniachia imegoma kuwaka.

Adamu: Yarabi. Nimeshinda na mashine mbovu huku Dodoma kutwa nzima, mgongo sina. Stebilaiza umewasha?

Zaitun: Nimewasha.

Adamu: Disketi hujaisahau ndani?

Zaitun: Mimi sisahau vitu. Inalia pii, inaandika haioni diski. Na saa yake imerudi Januari, mwaka themanini.

Adamu: Basi ni betri. Ile ya ndani, kama sarafu. Ikifa, ukizima tu, mashine inasahau kila kitu.

Zaitun: Imemfuata mwenyewe.

Adamu: Nimechoka, Zaitun.

Zaitun: Hata mimi. Sema nifanyeje.

Adamu: Zima, washa, halafu gonga Delete. Gonga tu, usi—

Zaitun: [Mkwaruzo.] Imefungua ukurasa wa bluu.

Adamu: Shuka penye diski, weka Auto. Imeiona?

Zaitun: Imeiona.

Adamu: Sasa iambie tarehe ya leo.

Zaitun: Leo tarehe ngapi?

Adamu: Si una kalenda ukutani?

Zaitun: Ninayo. Nataka uitaje wewe.

Adamu: Haloo? Mtandao unakata—

Zaitun: Siyo mtandao, Adamu. Unakwepa wewe.

Adamu: Weka tarehe, hifadhi, itawaka. Ila usiizime. Ijumaa nakuja na betri mpya.

Zaitun: Ijumaa? Basi njoo na mshenga kabisa.

Adamu: Mshenga wa nini? Talaka si ni moja tu? Bado tuko—

Zaitun: Eda inaisha leo. Jua likizama mimi si mke wako. Nimengoja uje, nimengoja upige, mpaka nimeishukuru mashine kwa kuharibika.

Adamu: Leo? Leo hii?

Zaitun: Unasikia hiyo pii? Siyo kompyuta, ni salio.

Adamu: Nimekurejea! Zaitun, nimekurejea! Umesikia?

Zaitun: Mkwaruzo mtupu. Sema tena.

Adamu: Nimekurejea, mke wangu! Ofisi nzima inanitolea macho, mpaka fundi mwenzangu Ambokile kaacha chai yake. Imesikika?

Zaitun: Ilisikika tangu ile ya kwanza. Betri usisa—

[Simu inakatika.]